Nyuzi za Kutuma na za Kupokea

Kasongo, Alhamisi jioni

Hatimaye nimemuona mwanangu. Sura yake imekuwa ndefu kidogo.

Asubuhi nilikuwa karibu kulia. Waya tuliopitisha kati ya majengo mawili ya hospitali una nyuzi kumi na mbili za kioo, zote nzima, lakini mawasiliano hayakupita. Mwenzangu Saleh alitaka tuung'oe. "Mama Neema, hii waya iko mubaya."

Nikamwambia angoje. Nikamulika uzi mmoja mmoja kwa taa. Uzi wa kutuma wa huku ulikuwa umefikia penye kutuma kule. Polarite, basi: pande zote zinatuma, hakuna unaopokea. Tukabadilisha kipande cha mwisho, tukaweka kile cha kuvukisha nyuzi, ili kutuma kukutane na kupokea. Taa ya kijani ikawaka.

Saleh akacheka. "Jaribu sasa. Piga kwenu."

Kule Kabambare mama yangu alishika simu. Neema wangu akaja, akasogeza uso mpaka ukajaa skrini. Yuko kwa bibi yake tangu mvua za kwanza, na barabara ndiyo hiyo. Naogopa atanizoea hivi, mama wa kwenye simu.

"Rudi nyuma kidogo, nikuone muzima."

Akarudi, akarudi tena, mpaka mlangoni. Gauni nililomwachia likimpwaya sasa linambana. Kisha wenzake wakamwita nje, akakimbia.

"Nimuite?" mama akauliza.

"Acha acheze," nikasema. Nikabaki kuangalia ule mlango.