Karanga za Kibarazani

Mama mpendwa,

Hujambo, na goti lako linaendeleaje? Naomba joto la huko Arizona liwe limelilegeza. Sisi hapa Peoria ni wazima, ila mimi nanuka kitunguu tangu msimu wa besiboli uanze. Kwenye simu uliniuliza kama Wendell ameanza kusema. Miaka mitatu ametimiza, na daktari bado anatuambia tusubiri. Nitakujibu, lakini niache kwanza nikueleze ya Jumapili.

Uwanjani ni mbali, kwa hiyo uwanja tumeuhamishia kibarazani: redio juu ya kigoda, soseji ndani ya mkate na haradali na kitunguu, bisi za sukari iliyoungua, na karanga. Karanga nazilaza na maganda yake kwenye maji ya chumvi, asubuhi nazikausha ndani ya oveni. Mpaka leo sielewi chumvi inapitaje kwenye ganda lisilo na tundu. Nilimuuliza Curtis, akasema, mke wangu, wewe kula tu.

Kazi ya kuzigawa ni ya baba mkwe, mzee Orrin, ambaye ujanani aliuza karanga uwanjani. Hakupi mkononi hata mkiwa mmekaa bega kwa bega. Anasimama kwenye ngazi, anapaza sauti, "Karanga! Karanga hapa!" Ukinyoosha mkono, anakurushia mfuko. Wendell humkazia macho mdomoni, kama fundi anayesikiliza injini. Nimekuwa nikijiuliza anatafuta nini mle.

Basi Jumapili, redioni, mrushaji wa timu yetu akawa hapigiki. Zamu baada ya zamu, hakuna mpinzani hata mmoja aliyeupiga mpira wake ipasavyo. Mchezo wa namna hiyo baba mkwe ameusubiri maisha yake yote, na mwiko unaujua, Mama: hakuna kuutaja, hakuna kuhama kiti, la sivyo bahati inakatika. Jirani yetu Bernice alianza, jamani, mnaona kwamba leo... Curtis akamkata, Bi Bernice, tafuna soseji yako! Hata baba mkwe aliacha kunadi. Mifuko ikabaki miguuni pake, tukawa tunapumua kwa zamu.

Ikabaki zamu ya mwisho. Mara nikasikia sauti nisiyoijua, ina mkwaruzo kidogo: "Kayanga! Kayanga hapa!"

Alikuwa Wendell, kasimama kwenye ngazi, mfuko mkononi.

Amesema, Mama. Mwanangu amesema.

Papo hapo redioni gongo la mpinzani likalia, mpira ukaenda zake, uwanja mzima ukaguna. Curtis akashika kichwa. Mimi nikamgeukia baba mkwe kwa hofu, maana mwanangu alikuwa amehama kiti na kuvunja mwiko. Mzee akanyoosha mkono juu kabisa, kama mteja wa viti vya nyuma, akaita, "Wee muuzaji! Nirushie mmoja, nimekaa na njaa muda wote huu!" Macho yalikuwa yamemjaa maji.

Wendell akarusha. Mfuko ukapasukia ukutani, karanga zikatapakaa, tukaziokota na kuzila palepale sakafuni. Nani alishinda, sijui.

Sasa najiuliza neno la pili litakuwa lipi. Curtis anasema haradali.

Nisalimie shangazi Maxine, na goti uliweke juu ya mto. Ukipiga simu Jumapili, mjukuu wako ndiye atakayepokea. Usimwambie hujambo. Agiza karanga.

Mwanao akupendaye,
Lorene