Gari Liliungua Kabla ya Imaroro

Kitengela, 4 Februari 2024

Mpendwa Yeyo,

Nakuinamishia kichwa kutoka huku mbali, uniguse. Hujambo? Magoti bado yanakusumbua? Mimi niko mzima, ni miguu tu inayouma jioni kwa kusimama duka la dawa siku nzima.

Yeyo, nimenunua gari! Si jipya, lakini ni langu. Fundi ameniwekea redio na alamu. Tangu masikio yako yazibe, simu haitusaidii, na hizi barua za kumpa Gideon wa pikapu ya maziwa huchelewa. Sasa nitakuja kila Jumapili baada ya kanisa. Mwambie jirani yako Kathini asipike, nitaleta mkate.

Binti yako,
Resian

Mashuuru, 27 Februari 2024

Mtoto wangu Resian,

Nimekugusa kichwa. Mimi mzima, ng'ombe wazima, mvua hakuna. Umekuja Jumapili baada ya Jumapili mpaka majirani wananiuliza kama umefukuzwa kazi. Ukiondoka nabaki na Kathini. Ni yeye tu bado ana subira ya kunipigia kelele sikioni. Wengine hunipungia mkono wakapita.

Nakuandikia kwa sababu maneno hunijia ukishaenda. Kathini anasema gari lako linanuka kama plastiki iliyoangukia jiko. Muulize fundi. Tena, tarehe kumi na moja Kathini ana kliniki ya macho Kajiado. Ukilala huku Jumapili mnaweza kwenda naye asubuhi.

Ni mimi,
Yeyo wako

Kitengela, 18 Machi 2024

Yeyo,

Nakuinamishia kichwa. Sijui kama utataka kukigusa.

Najua umeshaambiwa, lakini wacha nikueleze mwenyewe. Kuhusu ile harufu, fundi alisema ni kapeti mpya, nikamwamini. Siku ile ya kliniki, tulikuwa hatujafika Imaroro moshi ukaanza kutoka chini ya usukani. Kathini akasema, "Resian, simamisha." Nikasimamisha. Mlango wangu ulifunguka. Wake wa nyuma ukakataa, kwa sababu kufuli za milango ya nyuma zinatumia umeme, na umeme ndio uliokuwa unaungua. Nilikuwa nje, Yeyo, na yeye yuko ndani, anagonga kioo na viganja.

Wanawake waliokuwa wanatoa maji mtoni na punda walikuja mbio. Mmoja alivunja kioo kwa jiwe, wengine wakamwaga maji yote ya nyumba zao. Nilimshika Kathini kwapani nikamvuta. Mikono yake iliungua mpaka viwiko.

Fundi mwingine ameangalia mabaki. Waya wa alamu uliungwa bila fyuzi, ukasuguana na chuma mpaka ngozi yake ikaisha.

Nilienda wodini mara moja tu. Alikuwa amelala. Sikumwamsha.

Resian

Mashuuru, 2 Aprili 2024

Mtoto wangu,

Nimekigusa kichwa chako, na nimekigusa tena. Unalala? Barua yako iliisha na "Resian" tu. Resian wa nani? Wewe ni wangu.

Kathini ametoka hospitali. Vidole vya mkono wa kulia havikunjiki. Aliniuliza mbona hukurudi kumwona. Nikamwambia unaogopa. Akaniinamia sikioni, "Ananiogopa mimi? Si ni yeye alinivuta?"

Hawezi kujipikia tena. Mwanawe Kaveke anakuja kumchukua, aende akaishi naye Machakos. Njoo kabla hajaondoka. Anataka kukuona ukiwa umesimama kwa miguu yako.

Yeyo wako

Mashuuru, 19 Mei 2024

Mtoto wangu,

Hujambo? Hujajibu. Nilifikiri Gideon amepoteza barua, lakini anasema alikupa mkononi.

Kathini alienda. Alikataa kuingia kwa gari, akasema tungoje kidogo, labda uko njiani. Tuliangalia barabara mpaka Kaveke akamwonyesha saa. Akapanda. Hakuweza kunipungia mkono vizuri kwa sababu ya bandeji.

Mlango wake sasa una kufuli. Asubuhi bado natoa vikombe viwili, halafu narudisha kimoja. Juzi nilifungua mdomo kumsalimia Gideon nikagundua sijasema neno tangu Jumapili.

Sikukasirikii. Unakula?

Yeyo wako

Kitengela, 9 Juni 2024

Mpendwa Yeyo,

Nakuinamishia kichwa. Nakula kidogo. Barua zako zote nilizipata. Sikujibu kwa sababu nilitaka kuja, si kuandika.

Jana nilipanda gari la Kajiado. Nilikaa karibu na mlango. Abiria wengine walikuwa wanapiga stori na kula njugu. Dereva alipowasha redio nikasikia harufu ya kuungua. Nikamwuliza mama aliyekuwa kando yangu, "Unasikia kitu kinaungua?" Akasema, "Hapana, mama, hakuna." Nilipiga kelele hivyo hivyo wanishushe.

Nikashuka Isinya. Niliketi nje ya duka moja la mabati nikitazama magari yanayokuja upande wenu. Kila moja lilisimama, kondakta akaniita, nikatikisa kichwa. Nilirudi Kitengela na bodaboda, maana hiyo haina milango.

Huku kwa nyumba hata pasi nimeacha kutumia. Usiningoje tena Jumapili, Yeyo. Utajichosha.

Binti yako,
Resian

Kitengela, 22 Juni 2024

Mtoto wangu Resian,

Usishtuke kuona mwandiko wangu mlangoni pako. Nimekuja.

Gideon alinifikisha Kajiado, leo hakuwa na maziwa ya Kitengela. Pale nilimwonyesha msichana mmoja jina la ploti unayokaa, akanishika mkono mpaka ndani ya gari. Tulipofika Isinya nililiona hilo duka la mabati. Nikaangalia pale nje ulipoketi, nikajiambia, mtoto wangu alikaa hapa peke yake na mimi niko nyumbani nauliza kama anakula.

Ngigi, mlinzi wenu, ameandika kwa karatasi kwamba utatoka kazini jioni. Ni mtu mzuri. Nimejilaza kwa kibanda chake hapo kwa geti, mgongo unauma. Ukisoma hii shuka unichukue.

Sikuja kukulazimisha. Nilichoka kunywa chai peke yangu, na nikajua wewe pia unakunywa hivyo. Nitakaa hapa mpaka uwe tayari, mwezi ukiisha uishe. Halafu tutarudi pamoja. Wewe utakaa mlangoni, mimi kando yako. Ukitaka kushuka Isinya, tutashuka. Tutaketi hapo nje ya duka mpaka moyo utulie, tupande gari lingine. Likikushinda na hilo, tutashuka tena mbele.

Mimi siko na haraka.

Yeyo wako