Mume Wangu Hataki Kupanda, Ati Nchi Inaisha

Mpendwa Shangazi Taaka, nisaidie kabla ya Jumamosi maana maksai wetu wanaondoka. Mimi ni Akiror, naishi Rubongi, upande wa Uganda, na mume wangu Emoit, mtu mzuri, mchapakazi, hajawahi kunipiga hata kofi, lakini tangu aanze kubeba redio mpaka kwenye mtungi wa ajono, pale wazee wanaponyonya pombe ya wimbi kwa mirija huku wakiizika nchi kila jioni, kazi yake ni kulalamikia uchaguzi na bei ya sukari na shilingi kuanguka, shamba amelisahau. Mvua imeshanyesha, majirani wamepanda, sisi tuna magugu tu, na nikimuuliza ananijibu, "Mama Daphine, hii nchi nakwisha, sasa wimbi napanda ya nani?" Anataka kuwavusha maksai wetu wawili Jumamosi wakakae Busia ya Kenya kwa dada yangu Maggie, ati huko ndiko kuna serikali, nasi tufuate nyuma.

Shangazi, mwaka jana tulikimbia hivyo hivyo, godoro kichwani, na pale mpakani tukakutana na Maggie na mumewe Sam, nao na godoro lao, wanakimbilia kwetu, kwa sababu kwao vijana walikuwa barabarani na moshi wa mabomu ya machozi umeingia hadi jikoni! Tulicheka, tukanywa chai, kila mtu akarudi kwake. Emoit hakujifunza kitu. Lakini nami naogopa, maana bei zinapanda kweli, na je, kama safari hii anasema kweli? Nimwachie maksai, au nigombane naye mbele ya watoto?

Akiror, Rubongi

Akiror mwanangu, pole, ingawa nimecheka hadi nikamwaga chai.

Mumeo si mwongo. Hali ni ngumu pande zote mbili, hata mimi siku hizi sabuni naikata vipande. Nani atashika nchi, shilingi itaishia wapi, mimi sijui, na hao wa mtungini hawajui pia. Ila maksai wakivuka hamlimi, na msipolima mtalala njaa hata mkitawaliwa na malaika. Njaa hiyo mtakuwa mmejipikia wenyewe. Na wewe usijifanye mtazamaji! Godoro ulilibeba kwa kichwa chako.

Sasa sikia. Usigombane. Leo hii mpigie Maggie simu, akatae kupokea ng'ombe, aseme hana majani. Kesho asubuhi wafunge nira wewe mwenyewe, ushike plau, ulime pale pale kando ya njia majirani wakikuona. Namjua mwanamume wa aina ya Emoit: atakuja mbio kukunyang'anya plau huku akiilaani serikali. Mwache alaani, mradi mistari inyooke. Na hao wazee waulize kwa adabu, pombe ya Krismasi itatengenezwa kwa wimbi la nchi gani.

Kama nchi ni ya kuanguka, mwanangu, ianguke mkiwa mmeshiba.