Ganda la Roketi Analolisalimu Mama

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Pokea salamu tele kutoka huku chini. Hujambo? Unapata usingizi? Na ule mgongo umepoa? Sisi wazima, ila mama magoti yanamsumbua na hataki kusikia habari za daktari.

Juzi redio ilisema kituo chenu cha angani kimesogezwa kukwepa vyuma chakavu vinavyoizunguka dunia. Mama akaacha chakula mezani. Nikamsomea tena barua yako, pale unaposema anga hilo ni pana mno, kati ya chuma na chuma ungeweza kupitisha mji mzima, na hatari ipo lakini ni ndogo. Akaniuliza, "Kama ni pana hivyo, wamemsogeza kwa nini?" Jibu wewe, msomi wetu.

Sasa nikuchekeshe. Jioni kukiwa hakuna mawingu, mama hutoka uani kuisalimu taa yako ikipita. Huipungia taulo na kuipa habari zote za mtaa. Mume wangu, shemeji yako asiyejua kunyamaza, akaichunguza kwenye simu. Kumbe si kituo chenu. Ni ganda la roketi lililomaliza kazi miaka mingi iliyopita, linazurura tu. Miezi yote hii mama analimwagia dua dude la aina ile ile mnayoikimbia. Tulidhani atalia. Akasema, "Basi limeshiba dua. Halitamgusa mwanangu." Na jioni akatoka tena na taulo lake.

Mimi sikucheka sana. Upana unaokukinga na vyuma ndio huo huo unaotunyima wewe. Unapita juu ya paa letu na siwezi hata kukupa maji ya kunywa. Nimekukumbuka, Kijiti, mpaka nakosea mishono, na wateja wameanza kunung'unika.

Umeandika kwamba wakubwa wako wanataka uongeze miezi sita, na unangoja kauli ya mama. Amesema ubaki ukipenda, kazi ni kazi. Nimeandika kama alivyotamka. Ila alikuwa amenipa mgongo, anatandika kitanda chako, na kitanda chenyewe kilikuwa kimeshatandikwa.

Baba mdogo anakusalimu, na wanangu mapacha wanauliza kama huko kuna mbu. Mungu akuzungushe salama, kila mzunguko.

Ni mimi dada yako akupendaye, ninayekuomba mwenyewe, bila kutumwa na mama: rudi.