Tramu ya Maboksi

Jumapili, 4 Mei 2025
Makubwa! Mama Bae, msimamizi wa kanisa, katuita baada ya ibada. Kanisa ni lao, Wakorea. Sisi Waswahili tunapanga ukumbi tu, na mkataba unakwisha Julai. Kuna kundi jingine linautaka. Hakututisha. Kasema kwa Kiingereza chake wanaandaa igizo la Seoul ilivyofunguka baada ya kujifungia miaka na miaka — taa za umeme, simu, tramu, yaani treni ya barabarani — ila waigizaji wao magoti yamechoka. Tutasaidia? Mzee Kangethe, kiongozi wetu, akaitikia hata hajamaliza. Mimi nitaigiza ofisa wa serikali. Mume wangu Dismas — tramu!

Jumatano, 7 Mei
Mazoezi. Eti zamani hizo mfalme akipiga simu, ofisa anavaa joho, anaisujudia simu mara nne, ndipo anapokea. Nikauliza, na mfalme anasubiri muda wote huo? Mama Bae akaniuliza mimi simu ya mama mkwe huwa naipokeaje. Huwa nasimama.

Jumamosi, 10 Mei
Dismas kaleta maboksi ya friji kutoka ghala analofanyia kazi, huku Malton, Kanada. Sebule nzima tramu! Nikamwambia apime mlango wa lifti. Akasema fundi hapimiwi. Imekwama mlangoni mwa lifti — naye yumo ndani. Saa nzima ghorofa zote zimetumia ngazi. Jirani yetu Mehrunissa kampitishia chai dirishani mwa tramu.

Jumapili, 18 Mei
Igizo linaendelea. Naandika nyuma ya pazia.
Simu ililia, nikatoka na joho langu, nikasujudu. Mara ya kwanza, kimya kizuri. Mara ya pili nikasikia viti. Waswahili wote wamesimama, vichwa chini! Mzee Kangethe, ambaye hakuja mazoezini hata siku moja, kadhani ni sala ya kufungua. Kaanza kuomba. Na Mzee akianza!
Nikatambaa hadi huku. Kaombea Korea. Kaombea viza za watu. Mfalme — Bwana Shin, miaka themanini na moja — bado kashika simu sikioni. Dismas ananong'ona kutoka kwenye boksi: niingie, nisiingie?
Wakorea nao wanasimama, mmoja mmoja.
Yesu wangu — Mzee kafika kwenye mkataba! "Bwana, mlegeze moyo mama huyu, atuachie ukumbi, na jiko pia..."
Mama Bae yuko mstari wa mbele, macho kafumba. Kiswahili hajui hata neno. Ila kila Mzee anapovuta pumzi, yeye ndiye anayejibu kwa sauti kutushinda sote: "Amina!"
Sasa Mzee anaomba na maegesho ya magari!