Mchicha wa Mama Uko kwa Jirani

Jumamosi, Agosti. Magomeni, Kilosa.

Nina wivu. Nimeanza na hilo ili nisije nikamaliza aya tatu nikielezea hali ya hewa, maana ndiyo tabia yangu nikiwa na kosa. Hali ya hewa yenyewe ni hii: asubuhi baridi, mchana jua, na upepo wa kiangazi unaoleta vumbi mpaka kwenye meno. Siku nzuri kwa mwenye mbegu za kupepeta.

Wivu wangu ni wa mchicha.

Cheka tu, wewe unayesoma. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita. Nina steshenari yangu mjini, nachapa barua za watu na kutoa kopi, watoto wangu wawili wako bweni, na roho inaniuma kwa sababu ya mboga ya mwanamke mwingine.

Mwanamke huyo ni jirani yangu, Yustina. Alihamia hapa miaka minne iliyopita akitokea Mikumi. Babu yake aliletwa huku na kazi ya mkonge, baba yake akafanya kazi reli, yeye ana duka dogo mbele ya nyumba, la sabuni na chumvi na vocha. Ni mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, ananiamkia kila asubuhi, hana makuu. Ningeshukuru sana angekuwa na makuu. Ingekuwa rahisi kumchukia.

Kati ya bustani yake na yangu kuna uzio wa matete ulioanza kuchoka. Upande wake mchicha una majani mapana kuliko kiganja changu, nyuma mekundu, na bua ambalo ukilivunja halina nyuzi. Upande wangu mchicha ukifika kwenye goti tu unatoa maua, majani yanakuwa membamba na yana uchungu.

Na mbegu ni ileile! Mimi ndiye niliyempa. Alipohamia nilimpimia kizibo kimoja cha soda, kwa ujirani mwema, nikasahau. Mwenyewe nilikuwa nayo kopo zima. Ni mbegu ya mama yangu, wa Kidodi, naye aliipata kwa mama yake. Hapa Kilosa ukitaja mbegu watu wanafikiria mpunga na mahindi, mambo ya shamba la mbegu la Kilangali huko. Mbegu ya mchicha haina heshima, unaimwaga tu nyuma ya jiko. Nami ndivyo nilivyofanya.

Mama amehamia kwangu tangu mwaka jana, magoti yalipokataa. Siku ya kwanza nilimpikia mchicha wa bustanini kwangu, nikijua nitamfurahisha. Akaonja, akasukuma sahani, akaniuliza kama nimemchumia nyasi. Nikamwambia, mama, hiyo ni mbegu yako. Aliniangalia kama mtu aliyesingiziwa mtoto.

Wiki haikuisha, akauona mchicha wa Yustina kupitia kwenye matete. Tangu hapo kila baada ya chakula cha mchana anachukua fimbo yake na kwenda upande wa pili. Nikirudi kutoka kazini nasikia kicheko chao kabla sijafungua geti. Kwangu mama hacheki hivyo. Kwangu anauliza kama maji ya kuoga yamepata moto. Yustina amejifunza hata kumsalimia kwa Kividunda, lugha ambayo mimi, mtoto wa kuzaa, naielewa lakini ulimi unaikataa.

Nilikuwa namwona mama kama wajibu wangu. Halafu akaja mtu anayemwona kama raha, na ndipo nikaanza kumtaka.

Sasa niandike lile lililonileta hapa.

Wanasema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sikujinyonga, nilichukua kisu. Ilikuwa mwanzoni mwa Julai. Yustina alikwenda Mikumi kumhudumia dada yake aliyejifungua, na kabla ya kuondoka aliniambia, "Dada, mboga chuma tu, usione haya." Miche ya kuchuma ilikuwa mingi. Lakini kulikuwa na minne mirefu, iliyostawi kuliko yote, ndiyo kwanza inaanza kuchomoza maua, kila mmoja umefungwa kipande cha kitambaa kwenye shina. Yeyote anayelima bustani anajua maana ya kitambaa. Hii ni ya mbegu, usiguse.

Nilijua. Sitasema sikujua.

Nilikata mitatu, chini kabisa. Wa nne ulipona kwa sababu nilisikia mtu anapiga hodi dukani nikatimka na kanga yangu imejaa majani. Sikuwa na shida ya mboga. Nilitaka asiwe na mbegu. Nilitaka mwakani mchicha wake uwe kama wangu, tukae sawa.

Niliupika na karanga. Mama alikula, akaongeza, akafuta sahani kwa tonge la mwisho. Akasema, "Leo umepika." Maneno mawili tu. Kwa mwaka mzima aliokaa kwangu sikuwahi kusikia sifa nyingine kutoka kwake, na nililala nayo kama mtoto aliyepewa nguo ya sikukuu.

Yustina aliporudi alisimama muda mrefu kwenye vile visiki. Kisha akaniita, "Dada, mbuzi wameingia." Nikamwambia mbuzi wa mtaa huu hawana adabu. Nikaongeza kwamba nitamfikishia mwenyekiti wa mtaa. Mtu akishaanza uongo huwa haachi kujitolea.

Hiyo ni zaidi ya mwezi sasa. Nimekuwa nikinunua sabuni dukani kwake mara mbili kwa siku bila kuihitaji, na kumpelekea maandazi. Alikuwa ananishukuru.

Leo nilifunga steshenari saa saba. Nimefika nyumbani, mama hayupo, kicheko kiko upande wa pili. Siku nyingine huwa naingia ndani nagonga sufuria ili wajue nimerudi. Leo nilipita kwenye pengo la uzio.

Walikuwa wametandika turubai. Ule mchicha mmoja uliopona umeshakauka, mama anausugua kwa viganja, Yustina anapepeta kwa ungo. Makapi yanaondoka na upepo, zinabaki mbegu nyeusi ndogo zinazong'aa. Nilimwamkia mama, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kwa sababu alikuwa katikati ya somo.

"Unaotangulia kutoa maua, huo unakula, unaumaliza," alikuwa anasema. "Unaochelewa ndio unaouacha. Hata kama majani yake yanakutoa udenda, unauacha."

Nilisimama pale na pochi yangu begani. Miaka yote nimefanya kinyume. Mzuri nilikuwa nauchuma kwa sababu ni mzuri, na ule uliowahi maua, ambao haufai tena kuliwa, nilikuwa nasema, basi huu uwe wa mbegu. Kila mwaka nilipanda mbegu ya mchicha wenye haraka, kisha nashangaa kwa nini mchicha wangu una haraka. Mbegu ya mama niliiharibu mwenyewe, kwa mkono wangu, nikisingizia udongo.

Nikauliza, tena kwa sauti mbaya, kwa nini mimi hakunifundisha.

"Ulikuwa hukai," mama akasema. "Nikikuita bustanini, una hesabu za shule. Ukaolewa, ukija Kidodi asubuhi, jioni uko stendi."

Ni kweli. Na mama angeishia hapo, leo ingekuwa siku ya kawaida ya kuumia. Hakuishia hapo. Alionyesha ungo kwa kidole.

"Na hii yenyewe ni yako. Tulichagua minne, mimi na huyu, tangu mwezi wa sita. Nikachana kanga yangu tukafunga. Nikamwambia, binti yangu mbegu yake imeharibika na kuomba hawezi, ana kiburi, tumtunzie sisi. Ndiyo hivyo tena, mbuzi wakala mitatu."

Nilimtazama Yustina. Hakuinua macho. Alikuwa anapepeta polepole kuliko kazi ilivyohitaji, na hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Mbuzi hakati shina kwa mstari ulionyooka. Alijua tangu siku ile aliyosimama kwenye visiki, na wale mbuzi alinipa yeye, nipate pa kujificha. Kisha akakaa na mama yangu mchana baada ya mchana, na hakumwambia.

Mtu mwema angeshukuru. Mimi wivu ulipanda. Hata uungwana amenizidi!

Nadhani ndiyo sababu nilisema. Sijui kama ni toba. Huenda ilikuwa tu kwamba sikuweza kuvumilia kusitiriwa na yeye mbele ya mama yangu mwenyewe.

"Mama, hawakuwa mbuzi. Nilikata mimi."

Viganja vya mama vikasimama. Yustina akaweka ungo chini, akasema "dada" kwa sauti ndogo, kana kwamba ananizuia nisivuke barabara.

"Ule wa karanga?" mama akauliza.

"Ndiyo, ule wa karanga."

Nilidhani atalia, au atanisema kwa Kividunda mbele ya jirani. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

"Nikakusifu," akasema.

Hakufoka. Ningelipa chochote afoke.

Akavuta mguu wake ule mbovu, akanipisha nafasi kwenye turubai. Akaniambia nikae. Nilikaa na sketi yangu ya kazini. Akanipa suke la mwisho nisugue, nikaanza kwa nguvu, akanipiga kofi dogo la mkono: sisugui unga, nisiponde. Yanachoma hayo masuke. Sikulalamika. Mara tatu alinishika viganja akanionyesha mwendo, mikono yake mikavu yenye mikwaruzo juu ya yangu, na sikumbuki mara ya mwisho aliponishika isipokuwa kuniegemea akitoka bafuni.

Mbegu zote zilijaa nusu kikombe cha chai. Yustina akataka nichukue zote. Mama akakataa, zigawanywe, nusu zibaki kwa Yustina. "Huyu anaweza kuzimaliza tena," akasema akinielekezea kidevu. Sikujua kama ni utani. Yustina alicheka, nami nikacheka kidogo nyuma yake.

Tulipokuwa tunakunja turubai nilimwomba Yustina radhi. Akasema yameisha, dada, mboga ni mboga. Nilitaka kumwambia kwamba haikuwa mboga, lakini alikuwa na mteja dukani.

Ningependa kuandika kwamba wivu umeisha. Blogu nyingi ninazosoma zinaishia hivyo, mtu amelia, amesamehewa, ameoga, amekuwa mpya. Mimi, dakika tano baadaye, mama alipotaka kusimama, aliegemea bega la Yustina. Mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi. Niliona, nikahesabu, nikaweka moyoni. Ndivyo nilivyo.

Ila jambo moja nimelielewa. Nilidhani Yustina ameninyang'anya mama. Kumbe muda wote huo wakikaa pale, nusu ya mazungumzo yao yalikuwa yananihusu mimi.

Kesho tunatengeneza tuta jipya upande wangu. Mama amesema saa moja asubuhi jembe liwe chini, jua halijakaza. Samadi ipo, ndoo mbili za maji nimeshazijaza. Yustina amesema atakuja kusaidia, lakini kesho ni Jumapili na yeye anasali misa ya kwanza. Hawezi kufika kabla ya saa tatu.

Saa mbili nzima, mimi na mama peke yetu. Tutaongea nini?