Mamba Tunapochotea Maji

Jumanne

Jioni mamba amemkamata ndama wa jirani yetu Baba Kulwa, palepale tunapochota maji. Mwanangu Kabula alikuwa amepiga magoti pembeni ya ndama huyo, anajaza ndoo. Nilimvuta kwa gauni, tukaanguka wote matopeni.

Kiangazi hiki Mto Nikonga umebaki madimbwi, na karibu na kwetu ni hilo moja tu. Watu, ng'ombe, ndege, hata huyo mamba, wote tunalitegemea.

"Mama, kesho tutachota wapi?" Kabula ameniuliza akiwa kitandani.

Nimemwambia alale. Kisima hatuna. Maji yaliyomo mtungini yanatosha uji wa asubuhi.

Nitakwenda mwenyewe. Naogopa, ila Kabula atabaki nyumbani.